Gemu ya kaseti imegoma: anza hapa kabla ya kushika bisibisi

Shule zikifungwa tu, gemu za zamani huanza kutolewa makabatini. Huletwa kwangu hapa Lamu zimefungwa kwenye leso, nyaya zimezongwa kama kamba za ngalawa, na maneno ni yale yale: "Ami, imekufa." Nani kakwambia imekufa? Tangu nianze kushika vitu hivi, zilizokuwa zimekufa kweli nazihesabu kwa vidole. Nyingi zina chumvi, nyingine zimepewa adapta isiyo yake, na chache, za kusikitisha, zimeharibiwa na mtu aliyekuwa anazitengeneza.

Chumvi haikuhitaji uishi kando ya bahari ndipo ikufikie. Kusi likianza kuvuma, unyevu unaingia hadi ndani ya sanduku lililofungwa, na shaba inaota ukungu wa kijani. Nyumba zetu za mawe nazo zina la kwao: chokaa ya kuta na dari hudondoka unga mweupe usiokwisha, unga ule hunyonya unyevu, na vyote viwili hukutana kwenye tundu la kaseti. Ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu hivi: dalili unayoiona, sababu inayotokea mara nyingi zaidi ikitangulia, na kufungua mashine ni hatua ya mwisho.

Kwanza ijue mashine yako

Huku naona makundi matatu. Kubwa ni la nakala za Family Computer ya Nintendo, ile iliyotoka Japani mwaka 1983. Nakala hizi zilitengenezwa Asia na viwanda vingine kabisa, zinatumia kaseti pana ya meno 60, yaani vile vijibati vinavyoingia kwenye tundu, na kaseti yenyewe hujigamba ina michezo 9999999 kwa moja. Ukiitoa inayojirudia kwa majina tofauti, inayobaki haijai kiganja. Kundi la pili ni Sega Mega Drive, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1988. La tatu ni zile zilizoletwa na mabaharia na jamaa wa ng'ambo: Family Computer halisi, Super Famicom ya 1990, NES (Nintendo Entertainment System) iliyoingia Marekani mwaka 1985, Nintendo 64 ya 1996.

Kwa mchezaji ni gemu tu. Kwa soketi yako ya ukutani ni vitu tofauti kabisa, na hapo ndipo wengi huumia.

Haiwaki kabisa

Usikimbilie kusema haiwaki kwa sababu huoni taa. Family Computer halisi ya mwaka 1983 haina taa ya umeme hata kidogo. Ipime kwa televisheni: ukiwasha swichi, skrini ikibadilika hata kidogo, chengachenga zikawa weusi au rangi moja, basi umeme unafika. Ruka uende sehemu inayofuata.

Ikiwa kweli haina uhai, anza na soketi. Chomeka chaja ya simu mahali pale pale. Unacheka, lakini nimewahi kuletewa gemu na mtu aliyevuka kwa boti kutoka Mokowe, kumbe ni kebo yake ya upanuzi iliyokuwa na fyuzi iliyokatika.

Kisha adapta, na hapa naomba tutulie.

Karibu kila nyumba sasa ina adapta ya ruta au ya dekoda iliyobaki bila kazi. Plagi yake ya duara inaingia kwenye gemu bila kulalamika. Adapta hizo kwa kawaida ni volti 12 na chanya iko katikati. Family Computer na Super Famicom za Japani zinataka volti 10 za umeme wa moja kwa moja, miliampea 850, na hasi ikiwa katikati. Mega Drive ya kwanza inataka hasi katikati vilevile; Mega Drive ya pili, ile ndogo, ikageuza, chanya katikati. Ni kampuni moja, jina moja, lakini adapta haziazimani. Zile nakala za Asia nyingi ni volti 9, lakini hasi na chanya zao hazina mwenyewe, kwa hiyo tafuta alama iliyochorwa chini ya mashine au karibu na tundu: duara lenye kitone katikati, mstari mmoja kwenda kwenye jumlisha na mwingine kwenye kutoa. Alama ya adapta na ya mashine zikitofautiana, usichomeke. Mashine isiyo na alama yoyote haichomekwi kwa kubahatisha. Fundi mwenye mita ataijua kwa dakika moja.

NES ya Marekani ni jambo la peke yake. Adapta yake hutoa volti 9 za umeme wa kubadilika, yaani hauna chanya wala hasi, na mashine yenyewe ndiyo inayounyoosha kwa ndani. Kwa sababu hiyo NES itakubali adapta ya kawaida ya volti 9 yenye nguvu ya kutosha, ampea 1 na zaidi, upande wowote. Kinyume chake ni balaa: ukichukua adapta ya NES ukaichomeka kwenye Family Computer, unaiua.

Halafu kuna ukuta. Japani ni volti 100, Marekani ni 120, sisi ni 240. Mjomba wangu baharia alituletea Family Computer, nyekundu na nyeupe, pedi zimelala ubavuni mwake. Tulitafuta kibadilishi cha plagi, tukaichomeka kama ilivyotoka kwenye boksi. Ilitoa mlio mmoja kama mtu anavyofyonza, halafu harufu ya samaki aliyeungulia sufuriani ikajaa ukumbi mzima. Tukadhani tumeua gemu. Miaka ilipita ndipo nikajua kilichokufa ni adapta peke yake. Ile mashine ilikuwa nzima muda wote, imewekwa juu ya kabati, na adapta ya hapa hapa nchini ya volti 9, hasi katikati, ndiyo iliyoiamsha. Kwa hiyo ukipata gemu ya Japani, adapta yake iache kwenye boksi kama ukumbusho. Kibadilishi cha plagi hakipunguzi volti.

Ukiwa na mita, pima adapta kabla ya kuilaumu mashine. Adapta nzito za zamani, zile zenye transfoma ya chuma ndani, zikipimwa bila mzigo husoma juu, 12 au 13 kwa adapta ya volti 9. Hiyo si kasoro. Kasoro ni kusoma sifuri, au kusoma kisha kupotea ukitikisa waya. Waya wa adapta hukatika sehemu mbili: pale unapotoka kwenye adapta na pale unapoingia kwenye plagi ndogo, kwa sababu watu huuzungusha adapta wakati wa kuihifadhi. Kata, unganisha upya, au nunua nyingine. Adapta yenyewe usiifungue. Mle ndani mna umeme wa ukutani, na aliyekatwa na 240 hapati nafasi ya kusimulia kila mara.

Adapta ni nzima, soketi ni nzima, na bado kimya? Zimebaki swichi, tundu la umeme lililolegea kwenye bodi, na regyuleta, kile kidude cha miguu mitatu kilichoandikwa 7805 na kufungwa kwenye bati. Ukimtazama upande wenye maandishi, mguu wa kushoto unaingiza umeme, wa kati ni hasi, wa kulia unatoa volti 5. Ukipata 9 kushoto na sifuri kulia, umempata mwizi wako, au kuna kitu mbele yake kimegusana na kinanyonya umeme wote. Hapa ndipo ninapokwambia: kama hujawahi kulehemu, simama. Fundi wa redio yeyote anakijua kidude hiki, na bei yake ni ndogo.

Umeme upo, skrini tupu

Hii ndiyo dalili inayoletwa kuliko zote. Skrini inakuwa nyeusi, au kijivu, au buluu moja, na mchezo hauanzi. Na kila mmoja wetu amelelewa kwenye dawa moja: toa kaseti, puliza, rudisha.

Niseme wazi, kupuliza kunaharibu. Inaonekana kunafanya kazi kwa sababu ukiitoa na kuirudisha kaseti, meno yanakaa mahali papya, na mvuke wa mdomo unaunganisha kwa muda mfupi. Ungeitoa na kuirudisha bila kupuliza, mara nyingi ingewaka vilevile. Lakini mate yamebaki mle, juu ya shaba, katika mji ambao hewa yenyewe ina chumvi. Nintendo wenyewe walikuja kuwakataza watu kupuliza.

Fanya hivi badala yake. Zima mashine, toa kaseti, yatazame meno yake kwenye mwanga wa mlangoni. Meno safi yanang'aa njano au fedha. Meno machafu yana utando wa kahawia, na mara nyingi utaona mistari miwili myembamba inayong'aa katikati ya uchafu, ambapo pini za tundu zimekuwa zikikwaruza. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye spiriti, kikamue, kisha futa kwa urefu wa meno, kuelekea nje, si kwa kukatiza. Pamba itatoka nyeusi. Chukua kingine. Niliwahi kuhesabu vijiti kumi na vinne kwenye kaseti moja iliyokaa miaka chini ya kitanda huko Faza. Cha kumi na nne ndicho kilichotoka cheupe. Acha ikauke robo saa, na wakati wa kusi iache zaidi.

Spiriti nzuri ni isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Waulize wanaotengeneza simu. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 inafaa pia, ila ina maji, kwa hiyo inachelewa kukauka. Soma lebo usichukue iliyotiwa mafuta ya ngozi. Tina ya rangi usiikaribishe: inayeyusha plastiki. Msasa nao unafanya meno yang'ae siku ile ile, na kuondoa dhahabu nyembamba iliyopakwa juu yake, ili kutu ipate njia wiki ijayo. Kama utando hauondoki kwa spiriti, tumia ufutio mweupe laini wa penseli, mara tatu nne kwa upole, kisha spiriti tena kuondoa vumbi la ufutio.

Kaseti nyingine ikiwaka na hii haiwaki, tatizo ni la kaseti. Zote zikigoma, geukia tundu. Kata kadi ngumu, ile ya boksi la dawa ya meno inatosha, iwe nyembamba kidogo kuliko kaseti. Izungushie kitambaa cha fulana kuukuu, ilowanishe kwa spiriti kidogo, na uiingize na kuitoa mara kadhaa mashine ikiwa imechomolewa ukutani. Kitambaa kitakuja na mistari myeusi yenye nafasi sawasawa, kama mistari ya mswala. Endelea mpaka ipotee. Kwanza mulika tochi ndani. Nimetoa mle sisimizi, mabawa ya mende, na mara moja mjusi kafiri mzima, mkavu kama ng'onda, amelala kwenye tundu la Nintendo 64 ya mtoto wa jirani wa Langoni.

Nintendo 64 hiyo, baada ya mjusi kuzikwa, bado haikuwaka. Taa ipo, picha hakuna. Ukiona hivyo fungua kifuniko kidogo cha mbele, juu ya mashine. Mle lazima kuwe na kipande cheusi au chekundu kimechomekwa. Bila hicho mashine hii haianzi kabisa, na watoto hupenda kukitoa kwa sababu kinatoka. Kikiwepo, kitoe, kisafishe meno kama kaseti, kirudishe kikakaze.

NES ya Marekani ina ugonjwa wake: taa nyekundu inawaka na kuzimika kama mara moja kwa sekunde, na skrini inapepesa nayo. Ndani kuna chipu ya ulinzi inayosalimiana na chipu nyingine ndani ya kaseti. Isipojibiwa, inaiwasha mashine upya, na upya, na upya. Si kwamba kaseti ni ya wizi. Meno ni machafu tu, au pini 72 za tundu zimelegea kwa kubonyezwa chini miaka yote. Safisha kwanza. Isiposaidia, tundu hilo hutoka bila kulehemu. Wapo wanaolichemsha kwenye maji ili kutoa uchafu, na linafaa kubadilishwa likichoka. Kuzinyanyua pini kwa sindano nimekufanya, sikushauri: ukizidisha, pini zinabana mpaka kaseti haitoki.

Nakala za Asia hazina chipu hiyo. Taa ya nakala ikipepesa, rudi kwenye adapta: umeme ni mdogo.

Na ukizifungua nakala hizo utakuta, badala ya chipu zenye miguu, tone jeusi la gundi ngumu kwenye bodi. Chini yake ndiyo mashine yote. Likifa hilo hakuna fundi wa kulifufua, awe wa Lamu, Mombasa au popote. Chukua pedi na nyaya zake ziwe vipuri.

Picha inakuja, lakini herufi zimevurugika

Muziki unaimba sawasawa, mtu anaruka ukibonyeza, ila badala ya maandishi unaona vijiraba na namba zilizochanganyika. Hii inanifurahisha, kwa sababu inaeleza mahali pa kutazama. Kwenye Family Computer na ndugu zake, kaseti ina njia mbili tofauti: moja ya maagizo, nyingine ya picha. Muziki na mwendo vikiwa vizima, njia ya maagizo ni safi. Meno ya njia ya picha ndiyo yenye utando. Yasafishe yote, ila yale yaliyobaki na rangi ya kahawia yarudie.

Ikiendelea baada ya usafi wa kweli, sukuma kaseti kidogo kushoto, kidogo kulia, huku unaangalia. Ikibadilika, tundu limelegea au lehemu yake imepasuka chini. Kusukuma tu, usiichomoe kaseti mashine ikiwa imewaka. Isipobadilika kabisa, chipu ya kaseti imeharibika, na hapo pesa ya fundi ni bora ununulie kaseti nyingine.

Gemu nzima, televisheni inakataa

Hapa gemu husingiziwa. Nipitie haraka malalamiko yenyewe.

Picha safi, sauti inazomea kama mvuke wa birika. Gemu imechomekwa kwa waya wa antena. Televisheni za huku husubiri sauti megahezi 5.5 juu ya picha. Gemu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la China huituma kwenye 6.5. Nenda kwenye menyu ya kutafuta stesheni kwa mkono, mahali palipoandikwa mfumo wa sauti, ubadilishe BG iwe DK. Ikikataa jaribu I. Dakika moja, kelele kwisha.

Picha nyeusi na nyeupe. Kama ni gemu ya Japani au Marekani, inatuma rangi kwa mfumo wa NTSC na sisi ni PAL. Weka mfumo wa rangi kwenye AUTO au NTSC. Televisheni zisizo na nafasi hiyo zitabaki hivyo daima. Kama ni televisheni mpya na nyaya za njano na nyeupe, tazama ulipochomeka ile ya njano. Siku hizi tundu la video huwa ni lile lile la kijani linalotumiwa na nyaya tano; chomeka njano hapo kwenye kijani kisha uchague AV, si lile chaguo jingine.

Televisheni mpya inasema hakuna ishara. Kwa waya wa antena, iambie itafute analogi. Tangu nchi ihamie digitali, wengi wamesahau kuwa chaguo hilo lipo. Family Computer halisi ya Japani ni ngumu zaidi, kwani stesheni zake ziko kati ya megahezi 90 na 102, ambapo kwetu zinakaa redio za FM, na televisheni nyingi hazitafuti huko. Kwa nyaya za AV, televisheni nyingine za bapa hazipokei kabisa picha ya mistari 240 inayotumwa na gemu hizi. Jaribu ya jirani kabla ya kutukana mashine.

Mistari mipana inapanda polepole kwenye picha pamoja na mvumo. Adapta dhaifu, au kapasita kubwa ya kwenye njia ya umeme imechoka. Ukifungua ukaona kichwa chake kimevimba au kimetoa majimaji, ni yeye. Anayelehemu abadilishe, aangalie upande wa hasi uliochorwa mstari.

Na onyo moja nalitoa kwa sauti. Televisheni ya chogo haifunguliwi nyumbani, hata ikiwa imechomolewa. Bomba lake hushikilia maelfu ya volti muda mrefu baada ya kuzimwa. Gemu fungua ukitaka. Televisheni mpelekee fundi.

Inacheza nusu saa, kisha inaganda

Iguse upande wenye bati la kupoza. Inaunguza? Rudi kwenye adapta uisome. Regyuleta inashusha umeme hadi volti 5, na zinazozidi inazigeuza joto. Ukiipa 9 inachoma 4. Ukiipa 12 inachoma 7, karibu mara mbili, katika mji ambao chumba chenyewe mchana ni tanuri. Adapta sahihi huponya wengi. Baadaye ndiyo unafungua, unapangusa vumbi la chokaa, unaangalia skrubu ya bati kama imekaza. Na usiiweke juu ya zulia au godoro, inazibwa matundu yake.

Ikiganda ikiwa baridi, mara mtu anapopita tu sebuleni, hilo ni la mguso: kaseti, tundu, au plagi ya umeme iliyolegea.

Pedi haisikii

Kitufe kimoja kigumu au kisichoshika ni uchafu chini ya raba. Fungua skrubu za nyuma, inua raba, futa vile vitone vyeusi vyake na nyayo zake kwenye bodi kwa spiriti kidogo sana. Ukisugua kwa nguvu unaondoa kaboni yenyewe. Vitufe vyote vikikataa, au upande mmoja unaenda wenyewe, ni waya. Shika kitufe ukiwa unaukunja waya pale unapoingia kwenye pedi, na utaona mchezo ukishtuka.

Pedi za nakala nyingi zina plagi ya matundu tisa inayofanana na ya Sega kabisa. Zinaingiana, lakini ndani zimeunganishwa tofauti, na moja inaweza kuiunguza nyingine. Usiziazime.

Bunduki haipigi bata

Kama televisheni ni ya bapa, haitapiga, na hakuna cha kutengeneza. Bunduki haitoi kitu. Ina jicho linalotazama skrini ikiangaza kwa kufumba na kufumbua, na hesabu yake inategemea jinsi chogo linavyochora picha. Bapa inachelewa. Mwanangu alikasirika nilipomwambia, akadhani ni mimi sijui.

Ilinyeshewa au ilianguka baharini

Wakati wa kushuka boti hutokea. Usiiwashe kuona kama inafanya kazi. Toa betri kama ina betri, fungua, suuza bodi kwa maji yasiyo na chumvi: ya mvua, au ya chupa yale yaliyosafishwa kwa ajili ya betri za gari, na uhakikishe si asidi. Visima vingi vya huku vina chumvi, usivitumie. Maliza na spiriti, iache kivulini siku tatu nne penye upepo. Kwa Nintendo 64, Super Famicom na kaseti zao utakutana na skrubu za ajabu; bisibisi yake ni ya milimita 4.5 kwa mashine na 3.8 kwa kaseti, na wenye haraka hulainisha mwisho wa bomba la kalamu ya biro kwa moto na kulisukuma juu ya skrubu mpaka lishike umbo. Inakubali mara mbili tatu.

Haikumbuki ulipofika

Kaseti zinazohifadhi mchezo nyingi zina betri ya duara ndani, ya volti 3, kama CR2032. Ikiisha, mchezo unacheza vizuri ila kila ukizima unaanza upya. Hakuna usafi utakaosaidia. Betri imechomelewa kwa vipande vya bati, kwa hiyo inayowekwa lazima iwe ya kuja na vipande vyake. Ukigusisha pasi ya lehemu moja kwa moja kwenye betri inaweza kupasuka usoni. Anayeitoa ajue kuwa kilichokuwa kimehifadhiwa kinafutika papo hapo, kwa hiyo mwulize mwenyewe kwanza. Mimi sikuuliza, na binamu yangu hadi leo ananidai mwisho wa mchezo.

Betri iliyotoka itie kwenye mkebe wenye kifuniko, si juu ya meza. Mtoto akiimeza inaanza kuunguza koo ndani ya saa chache bila yeye kulia. Ukishuku tu kuwa amemeza, usimpe dawa ya kutapika, mpeleke hospitali wakati huo huo.